Kulala na hema Saadani: Anza na hifadhi, matembezi yafuate

Gari lenye hema juu ya paa, mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji na kisanduku cha barafu. Ukiwa na hivyo, pwani kati ya Bagamoyo na Tanga inakupa wiki nzima ya mapumziko bila kulipia chumba cha hoteli.

Ila kuna kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Msafiri anapiga kambi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, halafu anaitumia kama kituo: leo Pangani, kesho kisiwa cha Maziwe, jioni anarudi hifadhini kulala. Pesa zinaisha haraka, na wanyama hajawaona.

Saa 24 zinahesabiwa

Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Unalipia kila mtu, unalipia gari, na kulala kwenye hema kuna ada yake pembeni. Kwa kawaida ukitoka kwenda kutembea na kurudi, unalipa upya.

Chukua familia ya watu wanne inayoingia saa 4 asubuhi Jumamosi. Wakiamka Jumapili na kwenda Pangani, saa zao zinaishia barabarani. Wakirudi jioni wanalipa tena kwa ajili ya usingizi tu, kwa sababu kuzurura hifadhini na gari usiku hakuruhusiwi.

Mpango mzuri ni kuingia kama saa 6 mchana na kutoka muda huohuo kesho yake. Hapo umepata jioni nzima na asubuhi nzima, nyakati ambazo wanyama wanatembea. Ukitaka usiku wa pili, lipia, lakini uutumie humohumo ndani. Viwango vya ada hubadilika, hivyo angalia tovuti ya TANAPA kabla ya kuondoka, na usitegemee kulipa kwa noti mkononi. Malipo ni kwa simu au kadi.

Ndani kuna nini?

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na bahari. Twiga, nyati, kongoni, kuro, ngiri na tembo wapo; simba wapo pia, ingawa kuwaona ni bahati. Mto Wami upande wa kusini una viboko na mamba, na safari ya boti pale ni kati ya vitu ambavyo msafiri hatakiwi kuviruka.

Mbung'o nao wapo. Acha nyumbani nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, maana rangi hizo huwavuta. Sehemu ya kaskazini ya hifadhi ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyofungwa mwaka 2000, na mbung'o walikuwa miongoni mwa matatizo yake makubwa.

Kijiji cha Saadani chenyewe kina historia yake. Bwana Heri bin Juma aliwapinga Wajerumani akiwa hapo, na mwaka 1889 meli zao zikaupiga mji kwa mizinga. Kijijini utapata samaki wabichi. Maji ya kunywa, mafuta ya gari na mboga, nunua mapema huko utokako.

Halafu kuna suala la udongo. Sehemu kubwa ya hifadhi ina udongo mweusi unaonata. Kiangazi ni vumbi tu, lakini masika, Machi hadi Mei, hata gari ya fowili inakwama na kubaki hapohapo mpaka mtu aje kukuvuta. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya uhakika.

Zima taa ufukweni

Kasa hutaga kwenye fukwe za hifadhi, hasa Madete. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60, kisha watoto hutoka usiku na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa kali ya kambi au moto wa kuni ufukweni unawageuza. Wanaenda nchi kavu, na kufika asubuhi kaa na ndege wameshawamaliza.

Kwa hiyo hema likiwa karibu na maji, tumia taa hafifu na uielekeze chini. Gari lisipite kwenye mchanga kabisa. Tairi linaweza kuviponda viota, na bahari ikijaa inaweza kulifuata gari lenyewe.

Hamisha kambi Ushongo

Ukitoka hifadhini kwa kupitia Mkwaja, endelea kaskazini hadi Ushongo, kusini ya mto Pangani. Kuna sehemu za kupiga hema ufukweni, na hapa hakuna saa 24 za kukimbizana nazo.

Kutoka Ushongo unachukua boti kwenda Maziwe. Eneo hilo ni tengefu. Zamani kisiwa kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanakwenda kutaga pale, na kwa kuwa mayai yangezama, viota huhamishiwa Ushongo. Ukiwa na bahati utawaona watoto wakiachiwa kuingia baharini.

Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Ndiyo siku za kwenda. Siku za maji mafu fungu linaweza lisitokeze vizuri na boti umeshailipia. Muulize nahodha kabla ya kutoa pesa, na hakikisha ada ya eneo tengefu imo kwenye bei.

Ng'ambo ya mto kuna mji wa Pangani, ambako Bushiri bin Salim alinyongwa Desemba 1889. Mbele zaidi, kwenye barabara ya kwenda Tanga, kuna magofu ya Tongoni yenye msikiti na makaburi ya kale. Karibu na hapo meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye fungu mwaka 1498, na mwaka uliofuata wenyewe wakaichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kutosha.

Mwisho wa njia ni mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini. Vaa viatu visivyoteleza na ubebe tochi yako, hata kama mwongozaji ana ya kwake. Ndani ni giza tupu, popo ni wengi, na kuna sehemu watu huenda kutoa sadaka zao, hivyo muulize mwongozaji kabla ya kupiga picha.