Eksirei ya kichwa haiuoni ubongo: Tujue mionzi inayopenya na ile inayotawanyika

Juma hili naomba tuache kidogo habari za vyoo na maji ya kuchemsha. Kuna swali niliulizwa msibani hapa Matembwe na tangu siku hiyo limenikaa moyoni.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akirudi jioni kwa njia ya Lupembe. Ukungu ulikuwa umeshuka, akateleza, akaanguka na kugonga kichwa upande, juu kidogo ya sikio. Hakuwa na helmeti. Alizimia muda mfupi, akazinduka, akawa anaongea vizuri na hata kuwatania waliomwokota. Ndugu zake, Allah awalipe kheri, hawakuzembea. Walimpeleka hospitali moja ambayo sitaitaja, akapigwa eksirei ya kichwa, wakaambiwa fuvu ni zima. Wakarudi nyumbani na bahasha ya picha. Alikula kidogo, akalalamika kichwa, akapewa dawa ya maumivu, akalala. Walipomwamsha kwa Swala ya Alfajiri hakuamka. Alikuwa akikoroma, na mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya jingine. Alifariki njiani kabla ya kufika Njombe mjini. Inna lillahi wainna ilaihi raajiun.

Siku ya tatu baba yake mdogo alinitolea ile bahasha. "Daktari, picha hii walisema ni safi. Basi kilichomuua ni nini?"

Picha haikusema uongo. Iliulizwa habari za mfupa ikajibu habari za mfupa, nasi tukadhani imetujibu habari za ubongo. Kwa dalili zile, yaelekea mshipa ulipasuka ndani ya fuvu, damu ikakusanyika taratibu na kuukandamiza ubongo. Hilo huweza kutokea hata kama mfupa haukuvunjika. Mtu hupata saa chache za nafuu, anaongea na kula, kisha hulala usingizi asioamka.

Ili tuelewe kwa nini eksirei ya kawaida haikuona damu ile, lazima tujue mionzi inafanya nini ikishaingia mwilini. Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi Novemba mwaka 1895. Ikielekezwa kichwani, hugawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza hupenya moja kwa moja na kufika upande wa pili kwenye filamu. La pili humezwa, hasa na mfupa, ndiyo maana mfupa huonekana mweupe. Kundi la tatu ndilo watu wengi hawalijui: mionzi hugonga chembe ndogo zilizomo ndani ya nyama na maji ya mwili, ikapoteza sehemu ya nguvu yake na kugeuza njia, kama gololi inavyogonga gololi nyingine zote mbili zikaenda pembeni. Hii ndiyo mionzi iliyotawanyika. Aliyeieleza kwa hesabu ni Mmarekani Arthur Compton mwaka 1923, na mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sisi wa Njombe hatuhitaji maabara kulielewa jambo hili. Kila aliyepanda lori la mbao usiku wakati wa ukungu ameliona. Dereva akiwasha taa kubwa, haoni barabara vizuri zaidi. Anaona ukuta mweupe mbele yake. Taa haijapungua nguvu, ila matone ya ukungu yanaupiga mwanga na kuurudisha kila upande. Ndivyo filamu inavyoona kichwa. Katika sehemu nene za mwili, mionzi iliyotawanyika inayofika kwenye filamu huweza kuwa mingi kuliko ile iliyonyooka. Mfupa mgumu huonekana hata ndani ya ukungu huo, lakini vitu laini vinavyofanana hupotea.

Na ubongo na damu vinafanana mno mbele ya mionzi. Wataalamu wana kipimo ambacho maji ni 0, hewa ni hasi 1000, na mfupa mgumu hufika 1000 hivi. Ubongo upo kwenye 30 hadi 40, na damu iliyoganda karibuni ipo kwenye 60 hadi 80. Tazama tofauti ilivyo ndogo. Filamu ya kawaida, ambayo imekunja kichwa kizima kuwa kivuli kimoja bapa, haiwezi kuitoa.

Kipimo hicho kina jina la Godfrey Hounsfield, fundi wa Kiingereza aliyetengeneza mashine ambayo leo tunaiita siti skani. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani, alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Badala ya kumulika kichwa chote kwa mpigo, Hounsfield alitumia mwale mwembamba uliozungushwa pande zote, na kuweka vizuizi ili mionzi iliyotawanyika isiingie kwa wingi kwenye kipokezi. Kompyuta ikapiga hesabu na kutoa picha ya kichwa kilichokatwa vipande kama mkate. Mwaka 1979 aligawana Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameanza kuifikiria hesabu hiyo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Napenda kulitaja hilo kwa sababu vijana wetu wa madrasa hudhani kila elimu ya namna hii ilianzia mbali na bara letu. (Na elimu ya mwanga yenyewe, yule Ibn al-Haytham wa Basra aliiandikia kitabu kizima zaidi ya miaka 900 kabla ya siti skani.)

Kwa hiyo aliyegonga kichwa akaonekana mzima, eksirei safi isitutoe wasiwasi. Saa 24 za mwanzo asiachwe peke yake, na usiku aamshwe kila baada ya saa mbili hivi aulizwe jina lake na mahali alipo. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa au kuwa mzito kuamka, akipata degedege, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mboni zikitofautiana ukubwa, au maji na damu vikitoka puani au masikioni, hapo hakuna kusubiri kuche. Hata aliyezimia kidogo tu kisha akazinduka, kama kijana wetu, anastahili kuonwa na daktari aamue kuhusu siti skani. Asipewe aspirini wala diklofenaki kwa sababu huweza kuzidisha kutoka damu, panadol yatosha. Na wazee wetu, hasa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu huweza kukusanyika polepole wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo mlangoni. Mzee akianza kusahau ghafla au kuyumba, tusiseme ni uzee tu.

Sasa turudi kwenye mionzi iliyotawanyika, maana haiharibu picha peke yake. Hiyo hiyo ndiyo inayomfikia mtu aliyesimama pembeni. Jambo hili linazihusu familia zetu hasa, kwa sababu ya desturi njema tuliyonayo ya mwanamke kutokwenda peke yake na mtoto kutoachwa. Nimeona mara nyingi mume, mama mkwe na shangazi wote wamejaa chumba cha eksirei kwa nia nzuri, na mmoja wao ni mjamzito.

Mionzi inapoelekezwa kwa mgonjwa, mwili wake ndio unaogeuka kuwa kama taa inayomwaga mionzi hafifu kila upande. Kwa makadirio ya wataalamu, mtu aliye mita moja kutoka kwa mgonjwa hupata kama sehemu moja ya elfu ya kile kilichompiga mgonjwa. Akisogea hadi mita mbili, hicho kidogo hupungua na kubaki robo. Umbali, basi, ni kinga kubwa isiyo na gharama. Kinga nyingine ni ukuta na kioo chenye risasi, anaposimama mpiga picha. Yeye hujificha humo kwa sababu afanya kazi hiyo kila siku. Ile beji ndogo anayovaa kifuani hupima mionzi anayokusanya, na wenye jukumu la kusimamia mambo hayo nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2003.

Ama kuhusu stara ya dada zetu, katika siti skani ya kichwa mgonjwa havui nguo. Mpiga picha akishamlaza vizuri hutoka na kukaa chumba kingine, akimtazama kupitia kioo. Mahram anaweza kuwapo wakati wa kumlaza, kisha atoke naye asimame huko nyuma ya kioo. Kinachopaswa kutolewa ni chuma: pini za ushungi, vibanio vya nywele, hereni, miwani. Kitambaa chepesi hakizuii mionzi, hivyo muulizeni mpiga picha kwa adabu kama mgonjwa aweza kubaki na mtandio usio na pini. Mtoto mwenye hirizi ya kibati shingoni, nayo itolewe, nisingependa kuingia zaidi katika mjadala wake hapa. Ikilazimu mtoto ashikwe, amshike mtu mzima asiye mjamzito, avae aproni ya risasi, na mikono yake isiingie kwenye njia ya mwale.

Wapo wanaodhani aliyepigwa picha hubaki na mionzi mwilini, kwamba anywe maziwa, aoge, au mama asimnyonyeshe mtoto kwa siku kadhaa. Si kweli. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha pale pale kama mwanga wa taa iliyozimwa. Mama anyonyeshe siku hiyo hiyo. Wenye kupewa dawa zenye mionzi ya kumeza au kuchomwa sindano, kama inavyofanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road, hao wana masharti yao na huelezwa huko huko.

Kiasi chenyewe ni hiki: siti skani moja ya kichwa humpa mgonjwa takriban milisiveti 2. Kila binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na chakulani. Kwa mtu anayeshukiwa kutoka damu ubongoni, faida inazidi hatari kwa mbali sana. Kwa mtoto mwenye mafua na kichwa kuuma, si hivyo. Watoto huathirika zaidi na mionzi kuliko watu wazima, kwa hiyo mzazi asimshurutishe daktari apige picha "ili turidhike tu". Mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga anaweza kutazamwa ubongo kwa altrasaundi kupitia utosini, bila mionzi yoyote.

Na kuna waliogeuza mtawanyiko wenyewe kuwa dawa ya tatizo. Washa tochi gizani uifunike kwa kiganja: nyama hung'aa nyekundu, kwa sababu mwanga umetawanyika ndani yake na kutokea mbele. Mwanga ulio karibu na mwekundu, tusiouona kwa macho, hupita hata kwenye fuvu jembamba la mtoto, ukatawanyika, na sehemu yake ikarudi juu. Damu yenye oksijeni nyingi huumeza tofauti na yenye kidogo, na Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kuwa tofauti hiyo inaweza kupimwa. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, watafiti wamewavisha watoto wachanga kofia yenye taa hizo wakiwa wamepakatwa na mama zao, na mwaka 2014 walichapisha matokeo ya mwanzo. Haina madhara ya eksirei, lakini huona sentimita chache tu, na haijafika mahali pa kuchukua nafasi ya siti skani kwa aliyeanguka na pikipiki.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa kwetu aliyehitaji siti skani alipelekwa Mbeya au Dar es Salaam. Katika miaka hii ya 2020 serikali imekuwa ikipeleka mashine hizo kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo mashine huharibika na umeme hukatika. Kabla hamjakodi gari kutoka Matembwe, Lupembe au Makambako, mwambieni tabibu wa kituo chenu apige simu hospitali ya rufaa aulize mambo mawili: mashine inafanya kazi leo, na yupo wa kuisoma picha?