Kwa Nini Mashine Mbili za Barua Zinawaka Usiku

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzee mmoja wa hapa hapa Miyuji alisimama, akatusalimu "Mbukwenyi," kisha akauliza swali lililowachekesha watu wengi. Alisema, "Mwalimu, kila nipitapo usiku naona taa ndogo ndogo zinawaka katika chumba cha kompyuta. Mjukuu wangu ameniambia kuwa ni mashine mbili za barua, moja ya zamani na moja mpya. Mtu mwenye baiskeli mbili hazipandi zote kwa pamoja. Kwa nini msizime moja, na fedha ya umeme ikanunua chaki?"

Nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa na wazazi wengine walikuwa na safari. Mhariri wa gazeti letu ameniomba nijibu kwa kirefu, nami nimekubali kwa furaha. Mzee yule aliuliza neno la haki. Tena, kama mtakavyoona mbele, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili.

Kwanza yafaa tujue mashine hizo ni nini. Seva ya barua pepe ni kompyuta kama zile mnazojifunzia, ila kazi yake ni kukaa macho. Hupokea barua zinazokuja kwa jina la shule, huziweka kila moja katika sanduku la mwenyewe, na hutuma zile tunazoandika. Jina la shule yetu kwenye intaneti huishia na .sc.tz, mwisho uliotengwa kwa ajili ya shule za nchi hii, kama vile ofisi za Serikali zinavyotumia .go.tz na vyuo .ac.tz. Mashine yetu ya zamani imechoka. Kipoza hewa chake hulia kama kinu kibovu, na programu zake hazitengenezwi tena na waliozitunga. Basi tumepata nyingine, na tunahama.

Sasa, mtu ahamapo nyumba hupakia vitu vyake juu ya gari na kufunga mlango. Barua haihami hivyo, kwa kuwa wanaotuandikia hawapo hapa kutuona tukipakia. Fikirini mtu aliyeko Kigoma anayemwandikia Mwalimu Mkuu. Seva yake haijui mashine yetu iko wapi. Hapana budi iulize katika daftari kubwa la majina la intaneti, liitwalo DNS, lililobuniwa na Bwana Paul Mockapetris mwaka 1983: "Ni nani apokeaye barua za shule hii?" Daftari hujibu kwa mstari uitwao MX, unaotaja jina la mashine na namba ya kipaumbele. Mashine yenye namba ndogo ndiyo hujaribiwa kwanza. Kwa hiyo kuhama, kwa lugha ya kompyuta, ni kubadili mstari ule mmoja.

Kama mambo yangeishia hapo, mzee wetu angekuwa ameshinda. Lakini seva za dunia haziulizi kila mara. Zikiisha kujibiwa, hulikumbuka jibu kwa muda, ili zisilichoshe daftari. Muda huo huandikwa katika mstari wenyewe kwa sekunde. Mara nyingi ni 86400, yaani siku nzima. Basi tukibadili mstari saa mbili asubuhi, seva ya Kigoma iliyouliza saa moja itaendelea kuileta barua kwenye mashine ya zamani mpaka kesho yake saa moja, nayo ya Mwanza ambayo haikuuliza bado itaileta kwenye mpya. Yote mawili ni sahihi. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kuhama tuliupunguza muda ule ukawa 300, yaani dakika tano. Lakini ziko seva zenye ukaidi, zishikazo jibu la kale kuliko zilivyoruhusiwa, na kwa ajili ya hizo mashine ya zamani ilibaki wazi, ikipokea na kuisukumia mpya kila ipatacho.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza darasani, "Mwalimu, je, mngeizima tu ile ya zamani, barua zingepotea?" Hili ni swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Hazingepotea mara moja. Seva iletayo barua ikikuta mlango umefungwa, huirudisha barua katika foleni yake na kujaribu tena baadaye. Kanuni za barua pepe zinashauri ijaribu kwa siku nne au tano kabla ya kumwambia mwandishi kuwa imeshindwa. Umeme ukikatika hapa kwa saa sita, sisi hupata barua zetu jioni, zimechelewa tu. Hatari iko kwingine. Seva iliyo wazi, lakini ambayo haijafundishwa vema, hujibu kwa namba 550: "Mtu huyu hayuko hapa." Mwenye kuleta akisikia hivyo hajaribu tena. Kwa maoni yangu, mashine iliyozimwa ni afadhali kuliko mashine iliyo macho inayosema uongo.

Wala si sisi tulioanza kuendesha ya kale na mpya sambamba. Mtandao uliozaa intaneti, ulioitwa ARPANET, ulikuwa na kanuni za zamani za kuongea baina ya mashine, ziitwazo NCP. Ilipoamuliwa kuhamia kanuni mpya za TCP/IP, Bwana Jon Postel aliandika mpango mnamo Novemba 1981: kwa mwaka mzima wa 1982 kanuni zote mbili zitumike pamoja, na ziwepo mashine za katikati za kupokea barua kwa kanuni ya zamani na kuzipeleka kwa mpya. Katikati ya mwaka ule kanuni ya zamani ilizimwa makusudi kwa siku moja, na baadaye kwa siku mbili, ili wale waliojifanya hawajasikia habari wapige kelele. Tarehe 1 Januari 1983 ikazimwa kabisa, na hata hivyo walikuwako waliochelewa. Hila hiyo tumeiiga hapa. Jumamosi moja tuliifunga mashine ya zamani kwa saa moja, tukasikiliza. Walimu wawili wakaja mbio.

Wakazi wa Dodoma hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1910, ikiwa na upana wa milimeta 1000. Reli mpya ya kisasa, yenye milimeta 1435, ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam tarehe 25 Julai 2024, na ile ya zamani haikung'olewa asubuhi ile. Hata makao makuu yenyewe: uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, Waziri Mkuu akahamia mwaka 2016, na Rais mwaka 2019. Katikati ya miaka hiyo aliyekuwa na barua ya wizara ilimpasa kwanza kuuliza, "Faili langu liko huku au kule?" Swali hilo ndilo shina la habari hii yote.

Serikali nayo imepitia kazi ya namna hii katika barua pepe. Zamani maofisa wengi waliandikiana mambo ya kazi kwa anwani za Yahoo na Gmail. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012, na kwa Sheria Na. 10 ya 2019 imekuwa Mamlaka. Hiyo ndiyo inayoendesha mfumo wa barua pepe wa Serikali, wenye anwani zinazoishia .go.tz. Fikirini ofisa aliyewapa watu anwani yake ya Yahoo kwa miaka kumi. Siku apewapo ile mpya, ile ya kwanza haifi katika vichwa vya watu.

Sasa nije kwenye deni langu.

Kabla sijawa mwalimu, nilifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja. Tulikuwa na masanduku ya barua yapatayo sitini, nasi tukaamua kuyahamisha kwa mafungu, kumi kwa siku. Kunakili barua zenyewe hakukuwa na shida. Programu husoma sanduku la kale na kuandika katika jipya. Mara ya kwanza huchukua usiku mzima, mara ya pili huchukua zile tu zilizoongezeka, na haifuti kitu. Siku ya kwanza tulimhamisha mkuu wa idara. Barua za kutoka nje zikamfikia vizuri katika mashine mpya. Nikaenda nyumbani nikifurahi.

Karani wa mapokezi alikuwa bado hajahamishwa. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alileta maombi ya nafasi ya mafunzo ya kazi, karani akayapiga picha na kumtumia mkuu kwa barua pepe. Tazameni ilivyokuwa. Barua ile haikutoka nje, kwa hiyo daftari la majina halikuulizwa. Mashine ya zamani ilijiona bado ndiyo mwenye nyumba, ikaangalia, ikaona sanduku la mkuu lipo, ikaiweka humo. Kwa mashine, kazi ilikuwa imekwisha salama, na hapakuwa na neno la kosa mahali popote. Lakini sanduku lile hakuna mtu aliyelifungua tena.

Kijana alikuja kuuliza, akaambiwa, "Subiri, mkuu hajajibu." Mkuu akasema, "Sijaletewa kitu." Karani akaapa kuwa ametuma, na alikuwa na ushahidi. Watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka wakaanza kudhaniana waongo. Siku ya tisa kijana alirudi mara ya tatu, nami nilikuwa nimesimama karibu. Nikaenda kufungua lile sanduku la kale. Nilikuta barua kumi na nne ambazo hazijasomwa, na yake ilikuwa ya sita. Nafasi zilikuwa zimefungwa Ijumaa iliyopita. Nilimweleza kijana kuwa kosa ni langu. Akasema, "Asante, kaka, kwa kuniambia kweli," akaondoka. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile, sihamishi sanduku hata moja bila kufanya mambo haya. Saa ile ile mtu ahamapo, mashine ya zamani huandikiwa kuwa fulani hayuko tena kwake, barua zake zipelekwe kule, na sanduku lake la kale hufungwa lisipokee. Mashine mpya nayo hufundishwa ni akina nani ambao hawajafika bado, ili iwarudishie zao. Kisha naandika barua nne za majaribio: kutoka ya zamani kwenda mpya, kutoka mpya kwenda ya zamani, na mbili kutoka kwenye simu yangu, moja kwa kila upande. Sikubali kusema "imekwisha" mpaka nizione zote nne kwa macho.

Uko mtego mwingine katika mpango huo. Tuseme mzazi anakosea herufi moja ya jina. Mashine mpya haimjui mtu huyo, inampeleka kwa ya zamani. Ya zamani haimjui, inampeleka kwa mpya. Barua huzunguka kama ng'ombe kwenye kinu cha mafuta. Bahati njema, kila mashine hugonga mhuri wake juu ya barua ipitayo, na mihuri ikizidi kiasi, barua hurudishwa kwa mwandishi. Katika programu iitwayo Postfix, ambayo ndiyo tunayotumia, kiasi hicho ni 50. Sisi tumeamua kuwa mpya ndiyo yenye neno la mwisho: isiyemjua, hayuko.

La kutuma ni fupi. Katika daftari la majina tunaandika pia orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma kwa jina letu. Katika siku za mashine mbili, zote mbili lazima ziwemo, la sivyo barua za shule huishia katika kapu la taka za watu.

Umeme, basi, ni kwa muda gani? Nimejiwekea kanuni ya kulisoma daftari la kazi la mashine ya zamani kila asubuhi. Mpaka leo ninapoandika, tangu Jumatatu imepokea barua tano. Nne ni za matapeli, ambao hukawia sana kuacha mlango wa zamani. Ya tano ilikuwa ya mzazi wa Kidato cha Pili, aliyeuliza siku ya kufungua shule, nayo ilisukumwa mpaka mashine mpya na kujibiwa siku ile ile. Zikipita siku saba bila barua ya mtu halisi, nitaizima, na diski yake itawekwa kabatini kwa mhasibu mpaka mwisho wa mwaka.

Tena daftari hilo linaonyesha simu mbili ambazo bado zinaingia kusoma barua katika mashine ya zamani kila robo saa. Ni za walimu au wajumbe wa bodi waliowekewa anwani siku nyingi. Wenye simu hizo, tafadhali waniletee katika chumba cha kompyuta saa ya mapumziko, siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Ni kazi ya dakika tano.