Siku Mbili Katika Mji wa Chicago

Maongezi yetu ya leo ni ya matembezi. Tutakwenda nanyi Marekani, katika mji wa Chicago, tukae Jumamosi na Jumapili, kisha turudi. Mambo ya mji ule hayaishi kwa siku mbili, basi tutatazama machache tu, na hasa mto wake, kwani una kisa cha ajabu.

Kwanza mpajue mahali penyewe. Chicago umejengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan. Ziwa hilo ni dogo kidogo kuliko Ziwa Victoria, lakini ukisimama ufukoni huoni ng'ambo; mgeni aweza kudhani ni bahari mpaka aonje maji, akute hayana chumvi. Wenyeji wa nchi hiyo, Wapotawatomi, walikuwako tangu zamani. Mtu wa kwanza kutoka nje aliyefanya maskani ya kudumu hapo alikuwa mtu mweusi, mfanya biashara, jina lake Jean Baptiste Point du Sable. Alikaa hapo katika miaka ya 1780 na kuendelea, na mkewe alikuwa Mpotawatomi. Leo daraja moja kubwa la mjini laitwa kwa jina lake.

Jumamosi asubuhi tulishuka ngazi karibu na daraja hilo, tukapanda mashua ya watalii. Upepo wa huko hauna adabu. Kabla hatujaondoka ulimvua mwenzetu kofia, ikaanguka mtoni, ikaenda zake polepole. Tulicheka, kisha tukashangaa: kofia haikuelekea ziwani, bali ilitoka upande wa ziwa ikiingia bara.

Zamani mto huo ulimwagika ziwani. Watu walitupa humo uchafu wa vyoo na damu ya machinjio, mto ukaupeleka ziwani. Na ziwani ndiko walikopata maji ya kunywa. Mwafahamu yaliyofuata: kipindupindu na homa ya matumbo. Walichimba njia ya maji chini ya ziwa, maili 2 kutoka ufukoni, ili wavute maji safi. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1867. Lakini mji ulizidi kukua, na uchafu nao ukazidi. Mwisho walikata shauri kuugeuza mto wenyewe. Karibu na mji pana mwinuko mdogo utenganishao maji yaendayo ziwani na yale yaendayo katika mto Mississippi. Waliupasua kwa mfereji wa maili 28, wenye kina cha kutosha hata maji ya ziwa yapate mteremko wa kuingia bara. Januari 1900 mfereji ulifunguliwa, na mto uliokuwa ukimwaga maji ziwani ukaanza kuyatoa humo.

Watu wa Chicago walifurahi. Watu wa St. Louis, walio mbali huko chini na ambao hunywa maji ya Mississippi, waliuliza kwa nini wapokee uchafu wa jirani. Jimbo la Missouri liliishitaki Illinois mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, likashindwa mwaka 1906, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba ugonjwa ulitoka Chicago. Sisi twaona swali lao lilikuwa la haki. Siku hizi maji machafu husafishwa kwanza.

Mchana tulipanda gari la moshi la mjini, ambalo hata halina moshi, kwani laendeshwa kwa umeme. Reli zake zapita juu ya nguzo za chuma, usawa wa madirisha ya watu, na kelele zake si haba. Likatufikisha karibu na jumba la orofa 110, lililokwisha kujengwa mwaka 1974. Katika orofa ya 103 pana vijumba vya kioo vilivyotokeza nje ya ukuta. Mmoja wetu aliingia akatazama chini kati ya miguu yake. Wengine tulikumbuka tuna njaa.

Jumapili tulikwenda katika Nyumba ya Makumbusho ya Field. Humo, nyuma ya kioo, tuliwakuta wageni wenzetu kutoka Afrika ya Mashariki: simba wawili wa Tsavo, madume wasio na singa. Mwaka 1898 simba hao waliwaua vibarua wa reli iliyotoka Mombasa, hata kazi ya daraja la Tsavo ikasimama. Bwana J. H. Patterson, msimamizi wa daraja, aliwapiga risasi wote wawili Desemba ya mwaka huo. Baadaye alisema waliua watu 135. Wataalamu waliochunguza mifupa na nywele zao walitoa hesabu yao mwaka 2009, wakasema yapata 35. Wahindi waliouawa waliandikwa. Waafrika hawakuandikwa hesabu yao.

Simba mmoja alikuwa na jino lililovunjika na usaha ndani ya taya, na wataalamu hudhani maumivu hayo ndiyo yaliyomfanya atafute windo laini. Patterson alizitandika ngozi zao sakafuni nyumbani kwake kwa miaka mingi, kisha akaiuzia Nyumba ya Makumbusho kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa, zikabidi kukatwa-katwa. Ndiyo sababu simba wale waonekana wadogo kuliko walivyokuwa siku zile za Tsavo.