Pikipiki Minneapolis: nusu mwaka raha, nusu mwaka stoo

Ndugu zangu wa Muscat huniuliza: mbona huendi kazini kwa pikipiki, ukaokoa petroli? Nimejaribu. Nakaa Saint Paul, kazi iko Minneapolis, ng'ambo ya mto Mississippi, na barabara ya I-94 asubuhi hujaa magari pomoni. Tangu Julai 2025 sheria ya Minnesota inaruhusu pikipiki kupenya katikati ya magari yaliyokwama, mradi mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, wala usiupite mwendo wa magari hayo kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Basi kiangazi chote nilifika mapema, petroli kiduchu.

Ikaja Novemba. Asubuhi moja tairi likateleza kwenye barafu nyembamba, hata huioni, nikajikuta chini pikipiki imenilalia mguu. Sikuvunjika, alhamdulillahi. Mke wangu hakusema kitu. Alichukua ufunguo akauficha.

Januari baridi hufika hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na barabarani humwagwa chumvi inayokula chuma. Gari huna budi kuwa nalo. Kwa hiyo pikipiki haikuniondolea gharama ya gari, imeniongezea bima ya pili. Tena mtoto wa miaka minne, utampakia wapi kumpeleka skuli?

Nimeitangaza naiuza. Wanunuzi wawili wameshapiga simu, lakini ufunguo bado sijaoneshwa ulipo.