Kipepeo asiyejulikana hesabu yake

Katika mapori makubwa, tangu Sierra Leone mpaka inchi yetu ya Kongo na Uganda, kunaishi kipepeo anayepita vipepeo vyote vya Afrika kwa ukubwa. Wenye elimu wanamwita Papilio antimachus. Mabawa ya dume yakitandazwa yanaweza kupita santimetri 20. Mwingereza Dru Drury aliandika habari zake mwaka wa 1782.

Je, kipepeo huyu yuko katika hatari ya kupotea? Umoja wa ulimwengu wa kutunza viumbe (UICN) umejibu: habari hazitoshi.

Sababu gani? Madume wanashuka kunywa kwenye mchanga wenye maji kando ya mito. Hao ndio watu wanaowaona na kuwakamata. Majike wanakaa juu katika vilele vya miti, na wanaonekana mara chache sana. Basi, kuhesabu wale wa mtoni si kuhesabu wote.

Tuelewe vizuri: "habari hazitoshi" si kusema "hakuna hatari". Mgonjwa asiyepimwa bado haitwi mzima. Pori likikatwa, kipepeo anaweza kupotea mbele ya kuhesabiwa. Kwa hiyo, padri ao katekista akimwona safarini, aandike siku na mahali, kisha amwache aruke.