Jua la Muhima na mikono ya shati

Saa sita mchana, barabara inayopanda kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo kupitia Muhima kwenda katikati ya Kigali hujaa pikipiki. Mwendeshaji amevaa helmeti na abiria wake pia, maana ndivyo sheria ya Rwanda inavyotaka. Kichwa kimekingwa. Lakini itazame mikono iliyoshika usukani: migongo ya viganja imeelekea juu, na jua liko utosini. Hapo ndipo linapopiga kutwa nzima, na mara nyingi hapana hata kipande cha kitambaa.

Hali ya hewa ya Kigali inahadaa. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto huwa nyuzi 27 hivi. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam hufurahia ubaridi huo, akakunja mikono ya shati. Kumbe kinachoumiza ngozi si joto bali miale ya urujuanimno, ambayo haihisiwi inapoingia. Kila mita 1,000 za kupanda huiongezea nguvu kwa takriban asilimia 10, na Kigali iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Mawingu mepesi hayaizuii sana. Shirika la Afya Duniani linahimiza watu waanze kujikinga kipimo cha miale kinapofika 3. Adhuhuri ya Kigali, anga likiwa wazi, mara nyingi hufika 11 na zaidi.

Ngozi nyeusi ina kinga yake, na ni kinga ya kweli: melanini hunyonya sehemu kubwa ya miale, ndiyo maana saratani ya ngozi inayotokana na jua ni adimu kwa watu weusi. Mabaka, makunyanzi na ngozi iliyokakamaa si adimu. Hata kioo cha gari hakitoshi. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umejikunja na kuwa mzito kuliko wa kulia. Madereva wanaoingia Kigali na malori kutoka mpaka wa Rusumo wana mkono mmoja unaokaa dirishani vivyo hivyo.

Anayejipaka mkorogo ili kuchubua ngozi anaivua kinga hiyo ya melanini kwa mikono yake mwenyewe. Mwishoni mwa 2018 maofisa wa Rwanda walianza msako madukani kukamata krimu zenye haidrokwinoni na zebaki. Ngozi iliyochubuliwa nazo inahitaji zaidi shati la mikono mirefu.

Kwa watu wenye ualbino, shati hilo ni suala la uhai. Huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa ajili yao, na ni kazi ya kupongezwa sana. Ila losheni huisha, hutoka kwa jasho na hutaka kupakwa upya kila baada ya saa mbili hivi. Mtoto anayetembea kwenda shule hawezi kuikumbuka kila mara, ilhali sare yenye mikono mirefu inamlinda hata akisahau.

Si kila kitambaa kinafaa. Australia na New Zealand, zilizoweka kiwango rasmi cha nguo za kukinga jua mwaka 1996, hupima ni kiasi gani cha miale kinachopenya: kitambaa cha daraja la 50 huruhusu sehemu moja tu kati ya 50. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hupata 5 hadi 7 tu, na ikilowa jasho hushuka zaidi. Jinzi hupita 50 bila shida. Kitenge kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi nzito, ni bora kuliko fulana hiyo. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kiinue kitambaa kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linaviona.

Bei ni kikwazo. Tangu 2016, ushuru wa nguo za mitumba, ziitwazo caguwa nchini Rwanda, ulipopandishwa kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, shati zuri la mtumba si rahisi kulipata kama zamani. Fundi cherehani anaweza kusaidia kwa gharama ndogo: aongeze kitambaa mwisho wa mkono wa shati, kipite kifundo na kufunika mgongo wa kiganja, kisha atoboe tundu la dole gumba ili kisirudi nyuma upepo unapopiga. Vidole hubaki wazi kwa breki na kwa kuhesabu chenji. Shati lenyewe liwe pana, hewa ipite. Kitambaa kinachovutika juu ya ngozi hufunguka nyuzi na kupitisha miale zaidi.

Na kidonda au gamba la mkononi lisilopona kwa wiki nne, hasa kwa mwenye ualbino, lionyeshwe kwa daktari wa ngozi mapema, likiwa bado dogo la kuondolewa kirahisi.