Kwa nini ni vigumu kuchora mpaka wa misitu ya kaskazini

RAMANI nyingi za dunia huonyesha msitu mkubwa wa kaskazini, uitwao taiga, ukikomea kwenye mstari mmoja, kana kwamba umepimwa kwa kamba. Ardhini, mstari huo haupo.

Taiga huizunguka dunia kupitia Alaska, Kanada, Skandinavia na Urusi. Kadiri mtu anavyoelekea kaskazini, miti hupungua kimo na kutawanyika, hadi inapobaki tundra, nyika ya baridi yenye nyasi na vichaka. Eneo hilo la mpito huwa na upana wa kilomita chache mahali pengine, na makumi ya kilomita au zaidi kwingineko.

Kwa muda mrefu wataalamu walikadiria kwamba miti hukoma pale ambapo wastani wa joto la Julai haufiki nyuzi 10 za Selsiasi. Hata hivyo, upepo, moto na udongo ulioganda huivuruga kanuni hiyo. Katika rasi ya Taymyr, Siberia, miti aina ya lachi humea hata kupita latitudo ya nyuzi 72, ilhali karibu na mji wa Churchill, Kanada, msitu hukoma kwenye nyuzi 59 hivi.

Mahali ulipo mpaka huo si suala la wachora ramani pekee. Tundra iliyofunikwa na theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini miti yenye rangi nzito huunyonya mwanga huo na kuugeuza kuwa joto. Kwa Mkenya aliyezoea kuhimizwa apande miti ili kupunguza joto, huenda hili likamshangaza: msitu ukisonga kaskazini unaweza kuzidisha joto huko, ingawa miti hiyo hiyo hufyonza hewa ya kaboni.

Kutokana na ukubwa wa eneo hilo, setilaiti ndizo tegemeo kuu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu 2008 picha za mradi huo hutolewa bila malipo. Mitambo yake hupima mwanga unaoakisiwa na mimea, ukiwemo ule usioonekana kwa macho.

Tatizo ni kwamba tangu miaka ya 1980 picha hizo zimegawanywa katika miraba ya mita 30 kwa 30. Ndani ya mraba mmoja mnaweza kuwamo miti mitatu iliyodumaa, vichaka na maji, na setilaiti ikaona rangi moja tu. Aidha, mawingu, vivuli virefu na ufupi wa majira ya joto hupunguza picha zinazofaa.

Ndiyo sababu kimo hupimwa pia. ICESat-2, iliyorushwa 2018, hutuma miale ya leza na kupima muda inaochukua kurudi, na hivyo kukadiria urefu wa miti. Lakini leza hupima kwenye mikondo myembamba tu, kwa hiyo vipimo vyake huunganishwa na picha na kuhakikiwa na watafiti wanaokwenda msituni.

Matokeo yanadai tahadhari. Utafiti wa picha za Landsat za 1985 hadi 2019, uliochapishwa 2022, ulionyesha kijani kikiongezeka sehemu nyingi za kaskazini mwa taiga na kupungua katika baadhi ya sehemu za kusini. Lakini kijani hicho chaweza kuwa cha vichaka, si miti.

Awali, mwaka 2009, watafiti waliolinganisha maeneo 166 ya mipaka ya misitu, ya kaskazini na ya milimani, waligundua kuwa miti ilikuwa imesonga mbele katika asilimia 52 ya maeneo hayo na kurudi nyuma katika asilimia moja tu. Kwingineko haikusonga.

Kwa hivyo joto peke yake haliusogezi msitu. Mbegu sharti zifike, ziote na kustahimili baridi kwa miongo kadhaa. Anayekadiria hali ya hewa ya kesho kwa kudhani kwamba miti itafuata joto papo hapo, atakosea hesabu.